Maharage Tuliyomwekea Mungu

Baba Twilumba,

Kamwene. Naanza kwa salamu ya kwenu, mengine nitakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Wewe Mbena, mimi Mpangwa wa Mawengi, na Kiswahili ndicho kilichotuoza. Mama yako mpaka leo ananicheka ninavyotamka Kibena. Anasema naongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Nimeketi nje, upande wa zizi, mahali jua linapofika mapema. Kaburi lako naliona kutoka hapa. Sijui kama ninachofanya ni halali. Mzee Yeremia, yule mzee wa kanisa mwenye koti la kijivu, alisema mbele yangu kwamba kusema na wafu ni kazi ya wapagani. Kuandika hakukutaja, basi nimejificha hapo. Najua ungecheka. Cheka, lakini unisikilize, kama unasikia, maana nimechanganyikiwa na sina mwingine wa kumwambia.

Nikueleze kwanza tulivyo. Ile nyumba ya mwinjilisti kule Makambako tuliiacha. Hawakutufukuza, walikuja kwa adabu, wakasema mwinjilisti mpya ana watoto wadogo. Nikafunga mizigo. Lori la mbao likatuleta mpaka Njombe mjini, tukatembea mpaka huku kwa mama yako, Twilumba akiwa na sufuria kichwani na Tabita akiwa amekumbatia kile kibuyu chako cha shingo iliyovunjika. Nilimwambia akiache, mizigo ilikuwa mingi. Alinitazama kama nimemwambia amwache mtu.

Kibuyu kipo. Nitakirudia.

Huku baridi si ya mchezo. Asubuhi umande umeganda kwenye majani, na watoto waliozoea vumbi na upepo wa Makambako wanatembea wamejikunyata. Vijana wengi wamekwenda kuvuna magome kwenye mashamba ya miti ya miwati, mashamba ya nyumbani wamebaki wanawake. Nimelima njegere na viazi. Maharage yako ya mbegu nimeyatunza. Baiskeli yako ipo ndani, hakuna anayeipanda. Sijaisamehe. Najua si kosa la baiskeli. Ulipanda kwenye mvua kwenda kumzika yule utingo wa lori ambaye hakuna aliyejua dini yake, kila mtu akisema si wa kwetu, na wewe ukasema basi ni wa kwangu. Ukarudi umelowa, ukapata kichomi, ukafa. Watu walisema umekufa kazini. Mimi nilisema moyoni umekufa kwa ubishi. Bado sijui yupi kati yetu alikosea.

Sasa nisikilize hili la Twilumba.

Unajua alikuwa katika mafundisho ya kipaimara. Alikuwa anayajua vizuri kuliko wote, hata mchungaji alisema hivyo. Amri zote, sala zote, maelezo yote. Na wasichana watakaokwenda shule ya kati ya misheni lazima wawe wamebarikiwa, hilo unalijua, wewe mwenyewe ulilipigia kelele na hawakukusikia. Basi siku ya kuulizwa mbele ya usharika, mimi nimekaa safu ya pili na kitambaa changu kipya, nina fahari, sikufichi. Mchungaji akamfikia mtoto wako. Akamuuliza swali jepesi kuliko yote: nani anayetuombea kwa Mungu Baba?

Twilumba akajibu, "Yesu Kristo, na baba yangu."

Kuna aliyekohoa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Kumbe ni Mroma huyu." Mchungaji, ambaye ni mtu mpole kama unavyomjua, akafikiri hakusikia vizuri, akarudia swali. Mtoto akarudia jibu. Tena safari hii akainua sauti ili na walio nyuma wasikie, kama ulivyomfundisha kusoma somo.

Walimwita baada ya ibada, na mimi nikaitwa. Mzee Yeremia akamuuliza amefundishwa wapi maneno hayo. Unajua mtoto wako hajui kuficha. Akaeleza yote. Kwamba bibi kila asubuhi anapeleka unga wa ulezi na maji kwenye kaburi la mwanawe, anamwagia kidogo, anamwambia habari za nyumbani na kumwomba atulinde. Kwamba yeye Twilumba hamwagi unga, lakini husimama pale na bibi kwa sababu bibi ni mzee na njia inateleza. Kisha akasema, "Baba alikuwa anatuombea kila siku. Sikuona kwa nini kufa kumzuie."

Baba Twilumba, mimi nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu sikupaona.

Nililelewa kwa majibu, unalijua hilo. Yule bibi wa Kizungu wa bweni la wasichana alituuliza, tukajibu kwa pamoja, na atakayekosea hapati chakula. Marehemu wamelala mpaka siku ya mwisho. Hawasikii, hawaombi, hawaombwi. Nilijua hivyo kabla sijajua kushona. Halafu nikaolewa na wewe. Jumapili ya kwanza ya ndoa yetu nilikuuliza kwa nini mvua ya mawe imemaliza njegere za yule mjane na kuacha shamba la mlevi, nikitegemea jibu la mwinjilisti, na wewe ukasema, "Sijui." Nilidhani unanitania. Nilikwenda jikoni nikalia, nikisema nimeolewa na mtu asiyejua kazi yake.

Walipokuja watoto ndipo ukaleta ule mchezo wa maharage. Jumapili alasiri tumekaa tunapukuchua, na mtoto mwenye swali la Mungu anainua punje moja juu. Ukiweza kulijibu, punje inakwenda chunguni na wenzake. Ukishindwa, unasema, "Hii tumwekee mwenyewe," na punje inaingia kwenye kibuyu. Mvua za kwanza zikinyesha tunakwenda wote kupanda maswali pembeni mwa shamba. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa nanuna, nasema unawafundisha watoto kwamba Mungu ni kitendawili. Ulisema afadhali wamwulize kuliko wamwogope. Hukuwahi kuwatisha kwa moto wa jehanamu hata Tabita alipoiba sukari, na mimi nilikuwa na maneno ya moto tayari mdomoni.

Na ulisema jambo moja ambalo wakati ule nililiona jepesi. Ulisema, "Mtoto asimwambie Mungu kitu asichokiamini. Mengine yatajirekebisha."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuona unalea kwa kucheka na punje za maharage, nikadhani ni kazi rahisi, kazi ya mtu anayependa kupendwa. Sasa kanda liko kichwani kwangu na shingo inaniuma. Imani yako niliishi nayo kama mtu anavyoishi na ukoo wa mumewe, kwa heshima, bila kuuliza sana. Umeondoka umeniachia watoto walioiva nayo, na mimi sijui hata moto wake ulikuwa unawashwaje.

Uamuzi wao ulikuwa huu. Twilumba ataulizwa tena Jumapili inayofuata. Akijibu sawa, atabarikiwa pamoja na wenzake. Asipojibu sawa, atangoja, na shule pia itamngoja, ingawa wote tunajua shule haingoji mtu. Na mimi nizuie mambo ya unga kaburini, la sivyo nitakuwa chini ya marudi, sitakaribia Meza ya Bwana mpaka nyumba iwe safi. Mchungaji aliyasema haya akitazama mikono yake. Aliongeza kwamba alikupenda sana.

Nimwambie nini mama yako? Nyumba ni yake, kaburi ni la mwanawe, na unga anausaga mwenyewe kwa mikono inayotetemeka. Mimi ndiye mgeni niliyeingia na masufuria. Nilijaribu mara moja. Nilimwambia kwa Kibena changu kibovu kwamba kanisa halipendi. Akaniuliza, "Kanisa lilimzaa?" Nikaendelea kuchochea moto.

Ijumaa nilikwenda Makambako kutafuta kitambaa cheupe cha gauni lake kwenye duka la Mhindi, bila kujua kama litavaliwa. Nilipita mbele ya nyumba yetu ya zamani. Wameng'oa yale maua, wamepanda vitunguu, na vimekubali kuliko maua yangu. Nikamkuta Mama Theresia palepale njia panda, anauza maandazi kwa watu wa malori. Unamkumbuka, rafiki yangu Mkatoliki uliyekuwa unamtania kwamba rozari yake ina punje nyingi kuliko kibuyu chako. Nikamweleza yote. Akacheka, akanifunga andazi, akasema, "Dada, mngetuletea huyo mtoto. Kwetu sisi marehemu hawapumziki, kila siku tunawaagiza kazi." Nilicheka na mimi. Nilipofika njiani nikawaza: yeye anaamini hivyo na halali njaa, mama yako anaamini vile, mzee Yeremia anaamini kinyume, na wote wanamtaja Mungu mmoja. Wewe ulikuwa unaamini nini hasa juu ya hili? Tumekaa miaka yote ile na sikuwahi kukuuliza. Nilikuachia watoto wakuulize.

Niliporudi Twilumba akapima gauni. Nikiwa na pini mdomoni, akaniambia, "Mama, usihangaike. Nitajibu vizuri." Nilimshukuru Mungu. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuamini.

Jana Jumapili mchungaji akamuuliza swali lilelile. Akajibu, "Yesu Kristo." Mchungaji akangoja kidogo. Akauliza, "Peke yake?" Akasema, "Peke yake."

Alilisema kama mtu anayesoma maandishi ya kopo. Macho yalikuwa chini. Twilumba wako, ambaye ulimfundisha kusali macho wazi kwa kuwa anayezungumza na mtu humtazama. Watu wakapumua. Yule mwanamke wa nyuma yangu akanigusa bega kwa furaha. Akawekewa mikono, akabarikiwa, na tukaenda Mezani, mtoto wangu amepiga magoti kando yangu kwa mara ya kwanza, gauni limemkaa vizuri kabisa. Mkate ulipokuja kwangu nilinong'ona, "Umesema kweli?" Akanong'ona bila kugeuka, "Ili wasikunyime, mama."

Nikameza. Sijui nilimeza nini.

Siwezi kukueleza vizuri nilivyohisi. Jibu alilotoa ndilo jibu ninaloliamini mimi. Ndilo nililofundishwa, ndilo ambalo zamani mtu akilikana ningempiga kofi. Mtoto wangu amesema kweli yangu, na kwake ilikuwa uongo, na ameusema mbele ya madhabahu kwa sababu ananipenda. Nifurahi? Nimwadhibu? Kwa kosa gani, la kujibu sawasawa? Wewe ungejua la kufanya. Au ungesema hujui, na kwa namna fulani ingetosha. Kwangu mimi haikutosha. Nilitembea njia nzima ya kurudi nikiwa na hasira na wewe.

Alasiri tukakaa kupukuchua maharage, maana Jumapili ni Jumapili. Mama yako amekaa kwenye kigoda chake, Twilumba ameshavua gauni, Tabita katikati. Tangu ulipokufa watoto wameendelea na mchezo wao wenyewe, Twilumba akijibu anayoweza na mengine akiyatia kibuyuni, na mimi nikijifanya nachambua takataka. Jana Twilumba alipukuchua tu, haraka haraka, kama ana deni na maharage.

Ndipo Tabita akainua punje. Mkono juu kabisa, kama anavyofanya. Akauliza, "Baba ameacha kutuombea?"

Twilumba akasimamisha mikono. Tabita akaeleza, maana alidhani hatukuelewa: dada alisema kanisani kwamba ni Yesu peke yake, na wiki iliyopita alisema na baba, kwa hiyo baba ameacha. Alitaka kujua ameacha lini na kama tumemkosea.

Dada yake alinitazama mimi. Mama yako, ambaye Kiswahili haelewi, naye akanitazama, kwa sababu wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na jibu. Jibu langu la bwenini lilikuja lote mpaka kwenye meno: marehemu wamelala, mwanangu, hawaombi. Nilimwona Tabita na ule mkono wake juu. Sasa sijui kama ni imani iliyoniishia pale au ndiyo kwanza ilianza. Nilisikia mdomo wangu unasema, "Sijui, Tabita. Hii tumwekee mwenyewe." Nikaipokea punje, nikaitia kibuyuni kwa mkono wangu. Ni ya kwanza niliyowahi kuitia.

Twilumba akalia. Hakulia hivyo hata siku tulipokuzika. Mama yako akataka kujua kuna nini, Tabita akamtafsiria kwa Kibena chote na maelezo yake. Bibi akafikiri. Kisha akasema, "Aache vipi, na alikuwa mbishi tangu anatambaa." Akaendelea kupukuchua. Nilicheka na machozi yananitoka, na Twilumba akacheka, na kwa kitambo kidogo ulikuwa kama upo mlangoni unavua viatu.

Baada ya hapo Twilumba akaniambia anataka kwenda kwa mchungaji. Hataki kugombana, alisema. Anataka tu kumwambia kwamba jibu lake la kwanza ndilo lake, la pili alinitolea mimi, na wafanye wanavyoona. Nilimkumbusha shule. Akasema anajua. Nilimkumbusha mimi na Meza. Akasema, "Mama, nikikaa hivi nitashindwa kusali. Kila nikifungua mdomo nasikia lile 'peke yake.'"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ulimlea akue hivi, halafu ukaenda zako.

Sikumjibu jana. Asubuhi hii nilimwona mama yako anasaga ulezi wake, mikono inateleza kwenye jiwe, unga unamwagika nusu. Nilikwenda nikamwambia asogee. Nikasaga mimi. Sikwenda naye kaburini, Baba Twilumba, usifikiri nimefika huko. Sijui naelekea wapi. Nilisaga tu, nikamfungia kwenye jani la mgomba, akanishukuru, akashuka taratibu akimshika Twilumba mkono. Nikabaki nimesimama na unga mikononi. Ndipo nikaona kwamba yeye amekwenda kusema nawe na unga, na mimi naingia ndani kutafuta karatasi na wino nifanye yaleyale. Tofauti iko wapi, niambie wewe. Mzee Yeremia akiniuliza sitaweza kumwonyesha.

Kwa hiyo nimeamua, ingawa kuamua kwangu kunatetemeka. Kesho asubuhi tutakwenda misheni, mimi na Twilumba. Atasema yake. Mimi nitasema kwamba alisema uongo kwa ajili yangu, na kwamba kama kuna wa kutengwa na Meza, wanitenge mimi mpaka wachoke, mtoto wasimguse. Sitawaambia naamini kama yeye. Siamini kama yeye. Siamini tena sawasawa kama nilivyoamini bwenini, na sijafika ulipokuwa wewe. Niko njiani kwenye matope. Lakini nitasimama kando yake, na akigeuka kutafuta mtu wake, aone nipo. Labda mchungaji atatazama tena mikono yake. Labda shule itakwenda. Ikienda, nitamfundisha mwenyewe ninachojua, na mwezi ukiisha nitakuwa nimemaliza, maana ninachojua ni kidogo.

Nakuahidi mambo machache, usinidai mengine. Kibuyu hakitakauka katika nyumba hii. Mvua za kwanza zikinyesha tutapanda, na ya Tabita nitaipanda mimi, karibu na njia, tuione ikiota. Mama yako nitamsagia unga mpaka mmoja wetu atangulie. Na watoto wako hawatamwambia Mungu kitu wasichokiamini, hata kwa kunipenda mimi.

Karatasi inaisha na jua limefika kaburini kwako. Nakuaga sasa. Mimi ni yuleyule, mke wako mwenye kununa, Rahel.

Kama umelala, lala salama, mume wangu, tutaonana siku ile. Lakini kama unasikia, kesho asubuhi tuombee.